Askari akivua magwanda, nani humfungulia mlango?

ASKARI anapokwenda vitani hupigiwa ngoma. Bendera hupepea, viongozi hutoa hotuba ndefu na akina mama hudondokwa na machozi. Lakini siku anapovua magwanda na kurudi uraiani, aghalabu hurudi peke yake, begi moja begani, na wa kwanza kumsemesha kituoni ni utingo wa matatu anayetaka nauli.

Wahenga walinena kuwa fadhila za punda ni mateke. Leo, msomaji mpenzi, ningependa tuitazame methali hiyo katika nchi ambayo wengi wetu hudhani haina maskini, nayo ni Marekani. Nchi hiyo hutumia pesa nyingi kwa jeshi lake kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hata hivyo, watu wasio na makao walipohesabiwa usiku mmoja wa mwezi Januari mwaka 2024, walipatikana 32,882 waliowahi kuvaa sare za jeshi hilo. Kuna waliokuwa katika mabweni ya muda. Wengine walilala ndani ya magari, chini ya madaraja, au katika vihema kando ya barabara.

Huenda ukauliza, haya yanatuhusu nini sisi huku Kenya? Yanatuhusu sana. Kwanza, watoto wetu wako huko, na si wachache waliojiunga na jeshi la Marekani baada ya kupata kadi ya kijani. Kati ya mwaka 2009 na 2016 kulikuwa hata na mpango maalumu wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Pili, sisi nasi tuna vijana wetu waliovuka mpaka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011, na mmoja mmoja wanastaafu na kurudi nyumbani.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hesabu hiyo ya Wamarekani 32,882, ijapokuwa inatia uchungu, ilikuwa ndogo kuliko zote tangu walipoanza kuhesabu kwa njia hiyo. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000. Kwa hivyo idadi imepungua kwa zaidi ya nusu. Na hii si kwa sababu maisha yamekuwa rahisi huko. Mwaka huo huo wa 2024, jumla ya Wamarekani wote wasio na makao ilipanda hadi 771,480, idadi ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Yaani watu wengine walizidi kutupwa nje huku askari wa zamani wakizidi kuingia ndani. Kuna jambo lililofanywa, na linaweza kufahamika na yeyote aliyewahi kulipa kodi ya nyumba.

Deni la tangu zamani

Marekani haikuanza jana kuwasahau wapiganaji wake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 1924 ya kuwalipa askari waliorudi marupurupu yao. Lakini hati walizopewa zilisema kuwa pesa zenyewe zingetolewa mwaka 1945. Ulipofika mwaka 1932 uchumi ulikuwa umeporomoka, kazi hakuna, na njaa imepiga hodi. Maelfu ya askari hao, wengine wakiwa na wake na watoto, wakafunga safari hadi Washington kudai chao mapema. Walijenga vibanda kando ya mto Anacostia wakangoja.

Jawabu walilopata ni jeshi. Tarehe 28 Julai 1932, wanajeshi wakiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur walitumwa kuwafukuza wenzao wa zamani kwa farasi, vifaru na gesi ya kutoa machozi. Vibanda vikateketezwa. Pesa zao zilikuja kulipwa mwaka 1936.

Aibu hiyo iliwafunza wakubwa jambo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kwisha, mwaka 1944, ilipitishwa sheria iliyowapa askari waliorudi karo ya masomo na dhamana ya mikopo ya nyumba. Mamilioni ya familia zilipata makao kwa njia hiyo. Hata hivyo, mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, ni miwili pekee iliyowaendea watu weusi. Hadi leo, takriban thuluthi moja ya askari wa zamani wasio na makao nchini humo ni weusi, ingawa wao ni sehemu ndogo tu ya askari wote wa zamani. Nyumba ambayo babu alinyimwa, mjukuu hakuirithi.

Kisha wakaja wale wa Vietnam. Hao walirudi kutoka katika vita ambavyo wananchi wenyewe walikuwa wamevichoka. Mapigo ya akili waliyorudi nayo hayakuwa hata na jina katika kitabu cha madaktari wa akili hadi mwaka 1980. Miaka ikapita, na mabarabarani wakaanza kuonekana wanaume wenye ndevu zisizotunzwa wakiwa wamevaa majaketi ya jeshi yaliyochakaa.

Walioanza kuwashughulikia hawakuwa mawaziri. Walikuwa wenzao. Mwaka 1988, katika mji wa San Diego jimboni California, askari waliopigana Vietnam walipiga mahema katika uwanja na kuwaalika wenzao waliokuwa wakilala nje. Kwa siku tatu walipata chakula, maji ya kuoga, nguo, kinyozi na daktari. Waliuita mkutano huo kwa jina ambalo jeshini hutumika wapiganaji wanapoondolewa mstari wa mbele na kupelekwa mahali salama kupumzika. Mwaka uliofuata wakamleta hakimu papo hapo uwanjani. Wengi wao walikuwa na kesi ndogo ndogo za kulala hadharani au kunywa pombe barabarani, na mtu mwenye kesi hupata taabu kupewa kazi au leseni ya kuendesha gari. Hakimu alizisikiliza na kuzimaliza. Mikutano ya aina hiyo ilienea katika miji mingi na bado hufanywa.

Lakini baada ya siku tatu mahema hukunjwa. Mtu aliyeogeshwa na kunyolewa akarudi chini ya daraja bado hana pa kulala.

Kinachomtoa mtu nyumbani

Wengi hudhani kwamba ni milio ya risasi inayomfanya askari alale nje. Uchunguzi uliofanywa huko unaonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Wengi waliopigana vibaya sana walirudi na kuishi vyema, na wapo waliolala nje ilhali hawakuwahi kufyatua risasi. Yanayomsukuma mtu nje hasa ni ulevi na dawa za kulevya, maradhi ya akili, umaskini, na kukosa watu wa karibu. Vita huchangia kwa kuyazidisha hayo.

Hebu mfikirie kijana aliyeingia jeshini akiwa na miaka 18. Kwa miaka kumi au ishirini ameambiwa saa ya kuamka, saa ya kula na nguo ya kuvaa. Kitanda chake ni cha serikali, chakula chake ni cha serikali, rafiki zake wote wanalala chumba kimoja naye. Siku moja anapewa karatasi, anapigiwa saluti ya mwisho, na anatoka langoni. Hajawahi kutafuta nyumba wala kuzungumza na landilodi. Kazi aliyofunzwa haina mwajiri mtaani.

Nyumbani mke amezoea kuendesha mambo peke yake. Watoto wanamwona mgeni. Usiku hapati usingizi, na mlango ukibamizwa anaruka. Anaanza kunywa ili alale, na akishakunywa anagombana. Mke anavumilia mwaka wa kwanza, wa pili, kisha anachoka. Anakwenda kwa kaka yake, analala sebuleni miezi mitatu, shemeji ananuna. Anakwenda kwa rafiki. Kisha anakwenda kwenye gari lake. Kisha gari linauzwa.

Utaona basi kwamba watu kama huyu hawatoki kambini siku moja na kulala mtaroni siku ya pili. Mara nyingi miaka mingi hupita katikati, na katika miaka hiyo mzigo wote hubebwa na jamaa zake. Ndiyo maana nasema kuwa suala hili ni la ukurasa wa familia kabla ya kuwa la ukurasa wa siasa.

Akina mama waliowahi kuwa wanajeshi wana taabu za ziada. Kuna walionajisiwa au kusumbuliwa kimapenzi na wenzao walipokuwa kazini, na jeraha hilo huwafuata. Aghalabu wana watoto, nao huogopa mabweni yaliyojaa wanaume. Hivyo huzunguka katika nyumba za marafiki wiki hii hapa, wiki ijayo pale, na siku ya kuhesabu watu hawaonekani.

Isitoshe, kuna suala la karatasi. Kila anayeondoka jeshini Marekani hupewa cheti cha kuachishwa kazi kinachojulikana kwa nambari yake, DD 214. Anayekipoteza hupata taabu kudai chochote. Na kama cheti kinasema kwamba aliondoka kwa utovu wa nidhamu, huenda akafungiwa misaada mingi. Masharti yamelegezwa kiasi siku hizi, lakini fikiria mtu ambaye nidhamu yake iliharibika kwa sababu ya kiwewe alichokipata vitani. Ugonjwa wake ndio unaomnyima tiba ya ugonjwa wenyewe.

Ngazi na ufunguo

Kwa miaka mingi wenye kusaidia watu wasio na makao waliamini katika ngazi. Uache pombe kwanza. Ukiacha, ulale kwenye bweni. Ukitii sheria za bweni, uhamie makao ya muda. Ukimaliza huko salama, ndipo utafikiriwa kupewa nyumba. Inasikika kama hekima, na bila shaka mzazi yeyote angesema vivyo hivyo. Taabu ni kwamba wengi waliteleza kwenye kidaraja cha kwanza. Nani anayeweza kuacha pombe huku akilala kwenye baridi, viatu amevilalia visiibwe?

Mwaka 1992 mjini New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliigeuza ngazi hiyo juu chini. Aliwapa wagonjwa wa akili waliokuwa wakiishi mitaani nyumba za kawaida za kupanga, bila kuwauliza kama wameacha pombe, kisha akawapelekea waganga na washauri humo humo nyumbani. Watu walimcheka. Lakini ilipochunguzwa baada ya miaka miwili, takriban wanne kati ya kila watano walikuwa bado katika nyumba zao. Mtu anapokuwa na kitasa chake, jiko lake na choo chake, anapata pa kuanzia.

Mwaka huo huo wa 1992 serikali ya Marekani ilianzisha mpango mdogo wa askari wa zamani unaoitwa HUD-VASH, ambao ulipanuliwa sana kuanzia mwaka 2008. Mwaka 2009 waziri aliyesimamia masuala ya wanajeshi wastaafu, Eric Shinseki, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali aliyejeruhiwa Vietnam, alitangaza kuwa lengo ni kumaliza kabisa tatizo hilo kufikia mwaka 2015. Lengo hilo halikutimia, lakini ndilo lililoleta pesa. Tangu mwaka 2008 vocha za kodi zaidi ya 100,000 zimetolewa, na mwaka 2012 mpango huo ulikubali njia ya kutanguliza nyumba.

Mpango huu una mikono miwili. Wizara ya nyumba hutoa vocha ya kodi. Idara ya wanajeshi wastaafu hutoa mtu, yaani afisa wa ustawi wa jamii anayemtembelea mpangaji, kumpeleka hospitali, kumsaidia kudai malipo yake na kusuluhisha ugomvi na mwenye nyumba. Mpangaji naye hulipa kadiri ya asilimia 30 ya mapato yake. Kwa mfano, ikiwa anapata dola 900 kwa mwezi na kodi ni dola 1,400, yeye atalipa kama dola 270 na vocha itajazia zilizobaki. Asiye na mapato kabisa hulipa kidogo mno au asilipe kitu.

Zingatia, msomaji, kwamba mkono mmoja bila wa pili hautoshi. Vocha bila mtu wa kumtembelea huishia kwa mpangaji kufukuzwa kwa kelele au kwa kusahau kujaza fomu. Na mtembeleaji bila vocha huishia kumpa mtu ushauri mwema barabarani.

Kuzuia kabla ya kuponya

Kuna mpango wa pili ulioanzishwa mwaka 2011, ambao mimi binafsi naupenda zaidi kwa kuwa unahusu familia nzima. Unaitwa SSVF. Serikali huyapa mashirika ya kijamii pesa za kumsaidia askari wa zamani na jamaa zake ambao wako karibu kufukuzwa kwenye nyumba. Shirika linaweza kulipa malimbikizo ya kodi, dipoziti ya nyumba mpya, bili ya umeme, hata matengenezo ya gari ili mtu afike kazini. Wale ambao tayari wako nje huingizwa haraka katika nyumba na kusaidiwa kodi kwa muda hadi wasimame.

Yeyote aliyewahi kukuta kufuli ya landilodi mlangoni anajua jinsi kodi ya miezi miwili inavyoweza kuisambaratisha familia. Watoto hupelekwa kwa nyanya, mama kwa dada yake, baba kusikojulikana. Kuwakusanya tena ni kazi ngumu na ghali kuliko kodi yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Miji miwili, matokeo mawili

Ili kuona tofauti kati ya maneno na vitendo, tuilinganishe miji miwili mikubwa.

Houston, jimboni Texas, ilikuwa na askari wa zamani wengi waliolala nje. Kuanzia mwaka 2012 mashirika zaidi ya mia moja yaliyokuwa yakifanya kazi kila moja kivyake yalikubali kuwa na orodha moja. Badala ya mtu kuzunguka ofisi kumi akisimulia shida zake mara kumi, aliandikwa mara moja kwa jina lake, na wote wakaulizana: huyu atapata nyumba lini, na nani anamshughulikia? Wenye nyumba walitafutwa na kubembelezwa wakubali vocha. Juni 2015 meya Annise Parker alitangaza kwamba askari zaidi ya 3,600 walikuwa wamepata makao kwa muda wa kama miaka mitatu. New Orleans ilikuwa imetangulia Januari ya mwaka huo, baada ya kuwaingiza 227 ndani ya nyumba katika mwaka mmoja.

Tangazo hilo halikuwa na maana kwamba hakuna tena askari atakayelala nje. Maana yake ni kwamba akipatikana mmoja leo, kuna nyumba na mtu wa kumpeleka haraka.

Sasa njoo Los Angeles. Huko, mwaka 1888, matajiri wawili, Seneta John P. Jones na Bi Arcadia Bandini de Baker, walitoa ardhi kwa ajili ya makao ya askari walemavu. Kwa miongo mingi maelfu waliishi hapo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, makao yakafifia, na sehemu za ardhi hiyo zikakodishwa kwa wengine. Chuo kikuu cha UCLA kilipata uwanja wa besiboli, shule ya kibinafsi ya matajiri ikapata viwanja vya michezo, na kampuni ya mafuta ikachimba visima. Leo eneo hilo lina ekari 388. Mwaka 2020 na 2021 askari wa zamani walipanga mahema yao kando ya ua wake, wakiitazama kwa nje ardhi waliyoachiwa.

Walikwenda mahakamani mwaka 2011, na mwaka 2015 wakaahidiwa mpango wa nyumba 1,200. Miaka saba baadaye zilizokamilika zilikuwa chache mno, wakashtaki tena. Septemba 2024 Jaji David O. Carter aliamua kuwa serikali iliwavunjia haki, akabatilisha baadhi ya mikataba hiyo ya kukodisha, na kuagiza zijengwe nyumba 1,800 za kudumu na 750 za muda. Serikali ilikata rufaa. Kisha Mei 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kujenga hapo kituo cha kuwapa makao hadi askari 6,000 kufikia mwaka 2028. Wanaongoja wameshazoea kusikia tarehe.

Katika kesi hiyo lilifichuka jambo la kusikitisha. Baadhi ya nyumba zilitengewa watu wenye mapato ya chini kabisa, na fidia ambayo serikali humlipa askari kwa ulemavu alioupata kazini ilihesabiwa kuwa mapato. Kwa hivyo aliyeumia zaidi, ambaye fidia yake ni kubwa, alionekana tajiri mno kupata nyumba iliyojengwa kwa ajili ya walioumia. Wizara ya nyumba ilirekebisha kanuni hiyo mnamo Agosti 2024.

Mabishano bado yapo. Julai 2025 Rais Trump alitoa amri nyingine ikizitaka idara za serikali ziache kuiunga mkono sera ya kutanguliza nyumba. Wanaompinga wanataja hesabu nilizozitaja hapo juu. Wanaomuunga mkono wanasema kwamba kumpa mlevi nyumba bila masharti ni kumharibu. Sidharau hoja yao, kwa maana kila mzazi ameijua. Lakini swali ni hili: masharti yanamfaa mtu akiwa wapi? Mgonjwa hufuatwa kwa dawa akiwa kitandani, si akiwa anahama kila usiku.

Na kwetu je?

Hapa Kenya tuna historia yetu. Mtaa wa Kariakor jijini Nairobi ulipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa kwa njaa na maradhi wakiwabebea wengine mizigo ya vita. Babu zetu wa KAR walipigana Burma katika vita vya pili, wakarudi na medali. Septemba 2018, miaka zaidi ya 70 baadaye, serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 za kuwasaidia wapiganaji wa zamani na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate angalau milo miwili kwa siku. Shukrani hizo ni njema, ila wengi walikuwa wameshazikwa.

Mwaka 2022 nchi yetu ilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu inayohusu kusajiliwa kwao na maslahi yao. Kipo pia chama cha askari wa zamani kilichojulikana kwa miaka na mikaka kama KAFOCA, siku hizi DEFOCA. Hayo ni mambo ya kutia moyo. Lakini sheria ni karatasi mpaka mtu aitumie.

Sisi hujiliwaza kwamba mtu wetu hawezi kulala nje, maana nyumbani ni nyumbani ingawa kichakani. Atarudi kijijini, apewe pembe ya shamba, ajenge. Zamani ilikuwa kweli. Leo shamba limegawanywa mara tatu, kaka amelima hadi mlangoni, na mke aliyechoka amekwenda kwao. Mstaafu analala katika chumba cha vijana, mchana yuko kwenye chang'aa, na jirani wanasema kwa kucheka kuwa vita vimemwingia kichwani. Huyu hatahesabiwa popote kuwa hana makao, ila hana.

Wewe mama au baba unayesoma huku ukingoja chai ichemke, kama una mwanao, mumeo au dada yako jeshini, kuna mambo ambayo unaweza kuyafanya kabla ya siku ya saluti ya mwisho.

Kwanza, zungumzeni kuhusu nyumba mapema. Kiinua mgongo kinapofika, marafiki hufika nacho. Kabla ya kununua gari la matatu au kufungua baa, mtu awe na paa ambalo hakuna wa kumtoa chini yake, na hati iwe na jina lake, na la mkewe pia.

Pili, tunzeni stakabadhi. Cheti cha kuachishwa kazi, barua za hospitali ya jeshi, nambari ya huduma na karatasi za pensheni zihifadhiwe mahali pamoja, na mtu wa pili ajue zilipo. Jamaa walio Marekani wawaulize watoto wao kama wanayo DD 214 na kama nakala iko salama.

Tatu, msingoje aanguke ndipo mtafute msaada. Akikosa usingizi kwa miezi, akikwepa watu, au akianza kunywa peke yake, apelekwe kwa daktari wa akili kama vile angepelekwa akivunjika mguu. Maombi ni mema, nayo hayagombani na dawa.

Nne, mke asiachiwe mzigo peke yake. Wazee wa ukoo, mashemeji na wenzake wa kikosini wapeane zamu ya kumtembelea. Marekani imebidi kumlipa afisa mshahara ili afanye kazi hiyo ya kubisha hodi mara moja kwa wiki na kuuliza, umekula? Sisi bado tunao watu wa kuifanya bila mshahara, tukitaka.

Na ikiwa imeshafika kwamba amewachosha nyote, msimwambie aache pombe kwanza ndipo afunguliwe chumba. Mpeni chumba, hata kiwe kidogo, chenye kufuli na ufunguo wake mwenyewe, mbali kidogo na watoto ikibidi. Mambo ya pombe myaanze asubuhi yake, akiwa amelala usiku mzima.

Tuonane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.